Kanisa la Mkunazini: Jengo lililosimama juu ya soko la watumwa

MNAMO Juni 1873 soko la watumwa la Mkunazini, mjini Zanzibar, lilifungwa kwa amri ya Sultani. Siku ya Krismasi ya mwaka uo huo, katika uwanja ule ule ambamo binadamu walikuwa wakipigwa mnada, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa.

Kanisa hilo ni Kanisa Kuu la Kristo la madhehebu ya Anglikana, ambalo wenyeji wengi hulijua kwa jina la mtaa wake, Mkunazini. Limesimama kwa takriban karne moja na nusu likiwa na kuta za mawe ya matumbawe, paa ambalo watu walitabiri lingeanguka, na hadithi nyingi ambazo si zote zilizo sawa na ushahidi.

Kulisoma jengo hili, basi, ni kazi ya namna mbili. Kwanza, ni kuelewa jinsi mafundi wa pwani walivyojenga kitu ambacho hawakuwahi kukijenga kabla. Pili, ni kupambanua yale ambayo mawe yenyewe yanathibitisha na yale ambayo wageni husimuliwa kwa sababu yanavutia masikio.

Soko na mkataba

Katika karne ya 19 Zanzibar ilikuwa kitovu cha biashara ya pwani nzima ya Afrika Mashariki. Karafuu, pembe za ndovu na watumwa vilipita humo. Baadhi ya watumwa walibakizwa kisiwani na Pemba kulima mashamba ya karafuu. Wengine walivushwa hadi Uarabuni na Ghuba ya Uajemi, ilhali wafanyabiashara wa Kifaransa nao walikuwa wamekwisha kununua watumwa wengi wa pwani hii kwa ajili ya mashamba ya visiwa vyao vya Bahari ya Hindi. Pembe za ndovu, ambazo mara nyingi zilibebwa na watumwa hao hao kutoka bara, zilipata wanunuzi Uingereza na Marekani. Kwa hivyo, lawama ya biashara hiyo haiwezi kutundikwa kwenye shingo ya kabila au dini moja pekee.

Uingereza ilianza kuibana biashara hiyo hatua kwa hatua. Mkataba wa 1822 ulipiga marufuku kuwauzia watumwa Wakristo wa mataifa ya nje. Ule wa 1845 ukazuia kuwasafirisha nje ya himaya ya Sultani ya Afrika Mashariki. Mapema mwaka wa 1873 Sir Bartle Frere alitumwa Zanzibar kumshawishi Sultani Barghash bin Said akomeshe kabisa usafirishaji wa watumwa baharini. Barghash alikataa. Kimbunga kikali cha 1872 kilikuwa kimeng'oa mikarafuu na kuvunja majahazi, na Sultani aliona kwamba anatakiwa kutoa kafara wakati ambapo hana kitu.

Msimamo huo haukudumu. Balozi wa Uingereza, John Kirk, alipotangaza kwamba manowari zingekizingira kisiwa, Barghash alitia sahihi mkataba mnamo Juni 5, 1873. Masoko ya hadhara ya watumwa yakafungwa katika himaya yake yote, likiwemo lile la Mkunazini.

Hata hivyo, msomaji asidhani kwamba utumwa ulikoma siku hiyo. Kilichokoma ni mnada wa hadharani na idhini ya kuwapitisha watumwa baharini. Misafara ilianza kupita nchi kavu kandokando ya pwani hadi Barghash alipoitangazia marufuku mnamo 1876. Hali ya mtu kuwa mali ya mwingine iliendelea kutambuliwa na sheria ya Zanzibar hadi 1897, na katika ukanda wa pwani ambao leo ni sehemu ya Kenya, hadi 1907. Yaani, kanisa hili lililojengwa kuadhimisha mwisho wa soko lilikamilika likizungukwa na mji ambao bado ulikuwa na watumwa.

Askofu aliyekuwa msimamizi wa ujenzi

Waliojenga kanisa ni Misheni ya Vyuo Vikuu kwa Afrika ya Kati, iliyoanzishwa baada ya mmisionari David Livingstone kuwahimiza wanachuo wa Cambridge mwaka wa 1857. Juhudi yake ya kwanza, katika nyanda za mto Shire ambazo sasa zimo Malawi, iliishia msibani: askofu wa kwanza, Charles Mackenzie, alifariki mnamo 1862. Askofu wa pili, William Tozer, aliamua kuihamishia misheni Zanzibar mwaka wa 1864.

Tozer aliandamana na mwanasheria aliyegeuka kuwa kasisi, Edward Steere. Huyu ndiye angekuwa askofu wa tatu mnamo 1874, na ndiye ambaye jina lake limefungamana na Mkunazini kuliko mtu mwingine yeyote.

Wasomaji wa Kiswahili wanamjua Steere kwa jambo jingine. Mnamo 1870 alichapisha mwongozo wa lugha ya Kiswahili kama kilivyozungumzwa Unguja, pamoja na mkusanyiko wa hadithi alizozikusanya kutoka kwa wenyeji. Alitafsiri pia Agano Jipya. Kazi yake ilikipa Kiunguja msingi wa maandishi kwa hati za Kirumi, na miongo kadhaa baadaye, mwaka wa 1928, mkutano uliofanyika Mombasa ulipoteua lahaja ya kusanifishwa, Kiunguja ndicho kilichochaguliwa mbele ya Kimvita.

Sehemu moja ya uwanja wa soko ilinunuliwa na kasisi wa misheni, Arthur West. Sehemu nyingine ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara tajiri mwenye asili ya Kihindi. Kwa hivyo tangu mwanzo ardhi hii iliunganisha mikono ya watu wa imani tofauti: soko lililofungwa na Sultani Mwislamu, kiwanja kilichotolewa na mfanyabiashara kutoka Bara Hindi, na jengo la Wakristo.

Mchoro wa awali ulichorwa Uingereza na msanifu majengo C. F. Hayward. Lakini mchoro ni karatasi, na karatasi hainyanyui ukuta. Steere, ambaye hakuwa msanifu majengo, aliurekebisha kulingana na vifaa vilivyopatikana na ujuzi wa mafundi aliokuwa nao. Alisimamia ujenzi yeye mwenyewe, akifundisha huku akijifunza. Waashi walikuwa mafundi wa mjini pamoja na watu waliokombolewa utumwani ambao misheni ilikuwa ikiwatunza.

Mawe ya baharini

Mgeni anayelitazama kanisa kutoka nje huona mchanganyiko. Kuta ndefu na madirisha membamba yenye matao yaliyochongoka ni ya mtindo wa Gothiki, uliozoeleka katika makanisa ya Uingereza. Lakini mapambo kadhaa yanakumbusha majumba na misikiti ya Waswahili na Waarabu iliyo hatua chache kutoka hapo. Wataalamu wa majengo hulitaja kanisa hili kama mfano wa mitindo hiyo miwili kukutana.

Mpango wa ndani ni wa kale zaidi kuliko Gothiki. Ni ukumbi mmoja mrefu wa umbo la basilika, ambao mwisho wake una kipenu cha nusu duara kinachositiri madhabahu. Hakuna msitu wa nguzo katikati kama ule unaopatikana katika makanisa makuu ya Ulaya. Mtu akiingia mlangoni, macho yake husafiri moja kwa moja hadi madhabahuni bila kizuizi.

Kuta zenyewe ni za mawe ya matumbawe, yaani zile zile malighafi zilizojenga Lamu, Gedi, Mombasa na Kilwa. Jiwe hili huchimbwa ardhini pwani ambako bahari ilikuwako zamani. Ni jepesi, lina vitundu, na hunyonya maji upesi. Kwa sababu hiyo mafundi wa pwani tangu jadi waliliunganisha kwa chokaa iliyochomwa kutokana na matumbawe yayo hayo, kisha wakalipaka chokaa juu. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu wakati wa masika na kuutoa wakati wa kiangazi. Mafundi husema kwamba ukuta huo hupumua.

Paa lililowatia watu shaka

Jambo linaloshangaza zaidi katika jengo hili liko juu ya vichwa vya waumini.

Katika nyumba za kale za pwani, upana wa chumba huamuliwa na urefu wa boriti za mikoko. Boriti haziwezi kubeba dari zito la mawe na chokaa kwa masafa marefu, na kwa hivyo vyumba vingi vya Mji Mkongwe na vya Lamu ni virefu lakini vyembamba, mara nyingi vikiwa na upana usiozidi mita tatu. Fundi aliyetaka ukumbi mpana zaidi alilazimika kusimamisha nguzo au kupitisha tao katikati.

Steere alitaka ukumbi wenye upana wa takriban futi 28, yaani zaidi ya mita nane, na hakutaka nguzo katikati. Mbao ndefu za kutosha zilikuwa adimu na ghali, na mchwa wa Zanzibar hawakawii. Suluhisho lake lilikuwa kuliezeka kanisa kwa tao moja refu la mviringo, mfano wa pipa lililopasuliwa kwa urefu na kufunikizwa juu ya kuta. Tao hilo lilitengenezwa kwa zege la matumbawe yaliyopondwa na kuchanganywa na saruji iliyoletwa kwa meli kutoka Uingereza.

Nguvu ya tao la aina hiyo hutokana na umbo lake. Kila sehemu huisukuma sehemu jirani, na uzito wote huteremkia ukutani pande mbili. Hatari yake nayo hutokana na umbo hilo hilo, kwani tao halikandamizi kuta kwenda chini tu bali pia huzisukuma nje. Kuta zikiwa dhaifu, hufunguka kama ubavu wa kikapu na paa huporomoka. Ndiyo maana kuta za Mkunazini ni nene.

Inasimuliwa kwamba mjini watu wengi, Wazungu kwa wenyeji, waliamini kwamba siku miti ya kuliegemeza paa itakapoondolewa, zege lote lingewaangukia waliomo. Miti iliondolewa. Paa halikuanguka wakati huo, na halijaanguka hadi leo.

Kufikia mwishoni mwa miaka ya 1870 waumini walikuwa wameanza kuabudu ndani ya jengo. Steere mwenyewe hakuishi kuona kila kitu kikikamilika. Alifariki Agosti 1882 akiwa na umri wa miaka 54, akazikwa nyuma ya madhabahu ya kanisa alilolijenga.

Mnara wa kanisa uliongezwa baadaye, karibu mwaka 1890. Kuna masimulizi mashuhuri kwamba saa yake ilikuwa zawadi ya Sultani Barghash, aliyetoa sharti kwamba mnara usiizidi kwa kimo Beit-el-Ajaib, jumba lake la fahari lililojengwa 1883. Iwe sharti hilo liliwekwa kwa maneno hayo au la, hadithi yenyewe inaonyesha jinsi wakazi walivyolitazama anga la mji wao: mahali ambapo ufalme, misikiti na makanisa vilipimana kwa minara.

Ndani ya ukumbi

Mbele ya madhabahu, sakafuni, kuna duara la marumaru nyeupe lililozungushiwa rangi nyekundu. Kwa mujibu wa mapokeo ya kanisa, hapo ndipo uliposimama mti ambao watumwa walifungwa na kuchapwa viboko ili wanunuzi waone nani ni mstahimilivu. Rangi nyekundu huelezwa kuwa ishara ya damu iliyomwagika. Mpangilio huu si wa bahati: aliyejenga alikusudia kwamba mahali pa mateso pawe ndipo mahali pa kupokea ekaristi.

Kando yake upo msalaba mdogo wa mbao ambao inaelezwa ulichongwa kutoka kwa mti wa kijiji cha Chitambo, katika nchi ambayo sasa ni Zambia. Livingstone alifariki hapo mnamo Mei 1, 1873, wiki chache tu kabla ya soko la Mkunazini kufungwa. Wafuasi wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma, walizika moyo wake chini ya mti huo, wakaukausha mwili na kuubeba hadi Bagamoyo. Kutoka hapo mwili ulipitia Zanzibar na kupelekwa London, ukazikwa Westminster Abbey mnamo Aprili 1874. Mmoja wa madirisha ya vioo vya rangi kanisani ni kwa kumbukumbu yake.

Mapambo ya vigae vidogo vya rangi kwenye madhabahu yalitolewa na Caroline Thackeray, mwalimu wa misheni aliyewafundisha wasichana waliokombolewa huko Mbweni, na ambaye alikuwa na udugu na mwandishi wa riwaya William Makepeace Thackeray. Kutani kuna vibao vya kuwakumbuka wamisionari waliofariki, wengi wao wakiwa vijana waliouawa na homa, pamoja na mabaharia wa Uingereza.

Karibu na birika la ubatizo, upande wa mlango, wageni huonyeshwa nguzo ambazo zinasemekana ziliwekwa kichwa chini miguu juu. Masimulizi ni kwamba Steere alikuwa safarini bara, na mafundi, ambao hawakuwa wamewahi kuona nguzo za aina hiyo, walizisimamisha walivyoona inafaa. Aliporudi aliziacha zilivyo. Kosa hilo limekuwa sahihi ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Vibao vya ukutani vinawataja maaskofu na mabaharia. Waashi wanatajwa na nguzo zao.

Si kwamba waliokombolewa hawakuacha majina kabisa. John Swedi, mmoja wa wavulana watano ambao Sultani Majid alimkabidhi Tozer mwaka wa 1864 baada ya kunaswa jahazini, alitawazwa kuwa shemasi mnamo 1879. Cecil Majaliwa, aliyekuwa mtumwa utotoni kisha akasomeshwa katika chuo cha misheni cha Kiungani, akawa kasisi mnamo 1890, wa kwanza miongoni mwa Waafrika wa misheni hiyo. Chini ya muongo mmoja tangu soko lifungwe wakati Swedi alipotawazwa, walionunuliwa walikuwa wamekuwa watumishi wa madhabahu.

Vyumba vya chini na ukweli wake

Katika uwanja huo huo kuna jengo la zamani la misheni lililotumika kama hospitali, ambalo baadaye lilijulikana kama Hosteli ya Mtakatifu Monica. Chini yake mna vyumba viwili vya dari fupi, vyenye giza na vijidirisha vyembamba kama nyufa. Kwa miaka mingi wageni wameteremshwa humo na kuelezwa kwamba ndimo watumwa walimorundikwa wakisubiri mnada.

Wanahistoria kadhaa wamelitilia shaka dai hilo. Jengo hilo lilijengwa na misheni yenyewe baada ya soko kufungwa, na maelezo yanayoelekea zaidi ni kwamba vyumba hivyo vilikuwa ghala za hospitali, zilizochimbwa chini ili kuhifadhi dawa mahali penye ubaridi.

Je, jambo hili linapunguza uzito wa mahali hapo? La. Kwamba Mkunazini palikuwa na soko, na kwamba watu waliuzwa hapo, ni jambo lililoshuhudiwa na kuandikwa na waliolitembelea wakati huo. Mateso yaliyothibitishwa hayahitaji kuongezewa chumvi. Kinyume chake, dai moja lisilo na ushahidi huwapa wanaotaka kuikana historia yote nafasi ya kusema kwamba na mengine yalibuniwa.

Nje ya kanisa pana sanamu iliyotengenezwa na msanii wa Uswidi, Clara Sörnäs, mwishoni mwa miaka ya 1990. Inaonyesha watu watano wakiwa wamesimama katika shimo, shingo zao zimefungwa minyororo. Nyuso zao ziko usawa wa ardhi, kiasi kwamba anayewatazama hana budi kuinamisha kichwa.

Undugu na makanisa ya Kenya

Historia ya Mkunazini haikuishia kisiwani. Mkataba wa 1873 ulifuatiwa na tatizo jipya: watumwa waliokuwa wakikombolewa na manowari walihitaji pa kuishi. Katika bara lililoelekeana na Mombasa, Shirika la Kimisionari la Kanisa la Uingereza lilianzisha makazi yaliyopewa jina la Frere, na ambayo leo ni mtaa wa Frere Town. Kengele iliyotundikwa hapo ndiyo iliyoliachia eneo hilo jina la Kengeleni.

Mombasa nayo ilijengewa kanisa kuu la Anglikana kati ya 1903 na 1905, lililo katika barabara inayoitwa sasa Nkrumah. Mchoraji wake, John Sinclair, alikuwa ofisa wa serikali ya Uingereza aliyependa mno mtindo wa Kiislamu, na ambaye baadaye alichora majengo kadhaa Zanzibar, likiwemo jumba la makumbusho la Beit-el-Amani. Kanisa hilo la Mombasa lina kuba na matao ambayo mgeni anaweza kuyadhania ya msikiti.

Ukilinganisha na Kanisa Kuu la Watakatifu Wote jijini Nairobi, ambalo jiwe lake la msingi liliwekwa mnamo 1917 kwa mchoro wa Mwingereza Temple Moore, tofauti hujitokeza wazi. Lile la Nairobi ni Gothiki ya Kiingereza iliyochongwa kwa mawe ya bara. Yale ya pwani yalilazimika kuzungumza na miji iliyokuwa na mafundi wake, mawe yake na ladha yake kwa mamia ya miaka.

Maji, chumvi na wakati

Adui mkubwa wa kanisa la Mkunazini si moto wala vita. Ni maji. Mvua za masika hupenya kwenye nyufa za paa; unyevu hupanda kutoka ardhini; upepo wa bahari huleta chumvi. Chumvi hiyo ikikauka ndani ya jiwe hutanuka na kulimenyua punje kwa punje.

Saruji, ambayo ndiyo iliyowezesha paa kusimama, imekuwa pia sehemu ya tatizo. Katika majengo mengi ya matumbawe ya pwani, kuta zilizopasuka zilizibwa kwa plasta ya saruji kwa kuwa ni ngumu na hukauka upesi. Lakini saruji haipumui. Unyevu ulionaswa nyuma yake huzidi kulila jiwe, hadi siku plasta inapobambuka na kipande cha ukuta. Fundi anayejua kazi yake hurudi kwenye chokaa.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika orodha ya UNESCO ya turathi za dunia mnamo 2000. Kanisa la Mkunazini, kwa upande wake, liliwekwa na shirika la World Monuments Fund katika orodha yake ya 2014 ya majengo yanayohitaji kuangaliwa kwa haraka. Kwa ufadhili wa Umoja wa Ulaya, ukarabati ulifanywa, na mnamo 2016 kituo cha maonyesho kuhusu biashara ya watumwa kikafunguliwa katika uwanja huo. Kituo hicho kimejaribu kuweka ushahidi wa maandishi, picha na takwimu mahali ambapo awali palikuwa na masimulizi ya mdomo pekee.

Umuhimu wa kazi ya namna hiyo ulibainika kwa njia ya kusikitisha Desemba 25, 2020. Sehemu ya Beit-el-Ajaib, lile jumba ambalo mnara wa kanisa eti haukuruhusiwa kulipita, iliporomoka ikiwa katika ukarabati na kuua watu. Jumba la Sultani na kanisa la askofu ni majengo ya rika moja, katika mji mmoja, yakipigwa na mvua ile ile. Moja lilikuwa limengojea matengenezo kwa miaka mingi mno.

Watu wengi wa Zanzibar ni Waislamu, na Wakristo ni wachache. Kanisa la Mkunazini halisimami, basi, kwa wingi wa waumini wake. Limesimama kwa sababu Wazanzibari wa dini zote wamelikubali kuwa sehemu ya mji wao, na kwa sababu Waafrika Mashariki wengi, kuanzia pwani hadi maziwa makuu, wana mababu ambao njia yao ilipita, au ingeweza kupita, katika uwanja huo.

Katika soko hilo hakukuwa na daftari lililohifadhi majina ya waliouzwa. Hawana makaburi yanayojulikana. Alama zao zilizosalia ni chache: duara la marumaru sakafuni, masimulizi, na kuta za matumbawe ambazo baadhi ya waliokombolewa walizijenga kwa mikono yao. Kila mara ukuta huo unapopakwa chokaa upya, kinachohifadhiwa si kanisa la Waanglikana pekee.